Mtoto anajua jina la kila kitu kitabuni ila vitenzi hana: njooni tuongelee michezo ya kuruka, kunyata na kuchuchumaa

MamaWawili

Habari zenu wakuu. Bandiko ni refu, mwenye haraka ashuke moja kwa moja hadi pale ninapoeleza mchezo wenyewe.

Mwanangu wa pili ana miaka miwili na miezi minne. Kwa majina yuko vizuri: mpira, kiatu, ndege, ndoo, hata kifaru. Shida ni kwamba neno "mpira" lilikuwa linafanya kazi ya maneno manane. "Mpira!" maana yake nipe mpira, mpira umeingia uvunguni, urushe, dada kauchukua, siutaki tena. Sisi tunabahatisha, yeye analia.

Siku moja tukiwa na kitabu chake cha picha nikajitegea sikio mwenyewe. Kurasa kumi na mbili, na karibu kila ukurasa nauliza lile lile: "Hiki nini?" "Huyu nani?" Yaani naagiza majina, halafu nashangaa yakija majina! Nikabadilisha swali: "Anafanya nini?" Akaniangalia, akaitazama picha, akajibu, "Mtoto."

Na kusema kweli hakukosea. Picha yenyewe ilikuwa ya mtoto yuko hewani, mikono juu, nywele zimesimama. Sasa wewe mtu mzima hebu niambie: anaruka? Anaanguka? Karushwa? Anapaa? Ukichora mpira, unapata mpira. Ukichora kuruka, unapata mtu aliyening'inia hewani bila sababu. Kuruka kuna kujikunja magoti, kuna kuachia, kuna kutua, na mchoraji kapewa nafasi ya kuonyesha kipande kimoja tu cha katikati.

Nilipoanza kusomasoma nikakuta si watoto peke yao wanaokwama hapo. Mwaka 1999 Jane Gillette, Lila Gleitman na wenzao walichapisha jaribio ambalo mimi linanifurahisha sana. Waliwaonyesha watu wazima video za akina mama wakicheza na watoto wadogo, sauti imezimwa, ila mlio unasikika pale mama alipotamka neno fulani. Kazi yao ilikuwa kukisia neno. Kwa nomino walipatia kama mara 45 katika 100. Kwa vitenzi, kama mara 15. Hao ni watu wazima wenye lugha yao, na video inatembea. Sasa mtoto wa miaka miwili mbele ya picha iliyoganda tunamtaka miujiza gani?

Basi, tunachofanya nyumbani ni hiki. Tunafungua ukurasa, tunatazama kimya kidogo. Kisha nasema kitenzi kabla ya kitendo: "Haya, tunaruka... tunaruka..." ndipo turuke. Hili la kutangulia kusema lina sababu. Michael Tomasello na Ann Kruger mwaka 1992 waligundua kuwa watoto wa karibu miaka miwili walijifunza kitenzi vizuri zaidi pale mtu mzima alipokitamka muda mfupi kabla ya tendo kuliko alipokitamka tendo likiendelea. Ukifikiria, inaingia akilini: neno likitangulia, mtoto anasubiri aone litaleta nini. Likija katikati, macho yake yako kwenye tendo na sauti yako ni kelele za pembeni.

Tukishatua, tunarudi kitabuni na ninasema, "Kuwa kama picha." Hapo ndipo penye utamu. Anajaribu kusimama mguu mmoja, mikono juu, kinywa wazi, kama yule wa kwenye picha. Hawezi kukaa hewani! Anatua, anacheka, anajaribu tena. Siwezi kuingia kichwani mwake, ila naona ndipo alipong'amua kwamba yule mtoto wa kwenye karatasi naye alikuwa njiani kwenda kutua.

Vitabu nachagua vyenye watu wanaoonekana mwili mzima, tendo moja kwa ukurasa, miguu isikatwe na ukingo. Vile vya "maneno yangu ya kwanza" vilivyojaa vitu bila mtu sijavitupa. Tunafika kwenye mpira tunauliza mpira unafanywaje: tunaurusha, tunaudaka, tunauviringisha, tunaudundisha, tunaupiga teke. Kitu kimoja, vitenzi vitano.

Wenzangu mnafanyaje?

KiatuKimoja

"Akajibu, Mtoto." Nimecheka peke yangu hapa. Wa kwangu niliuliza simba anafanya nini, akasema "Simba." Nikasema ndiyo, simba, lakini anafanya nini? Akasema "Simba mkubwa."

BabaAsiyelala

Mleta uzi, wazo zuri, lakini kwetu kitabu kinasomwa usiku ili mtu alale. Nikianza habari za kuruka saa mbili usiku, huyo atalala saa tano. Halafu mimi nilidhani kusoma ni kumfundisha mtoto kutulia. Akizoea kwamba kila kitabu ni uwanja wa michezo, huko shule atakaaje kwenye kiti?

MamaWawili

@BabaAsiyelala, jina lako limejieleza. Usiku tunabadilisha vitenzi, hatuachi mchezo. Kuna vitenzi vya kitandani vingi tu: jinyooshe, jikunyate, piga miayo, fumba macho, nong'ona, funika, kumbatia, pumua polepole. Ukurasa wa mtu anayekimbia tunaukimbia kwa vidole viwili juu ya blanketi. Vidole vinanyata, vinapanda goti, vinateleza, vinalala.

Hilo la kukaa kwenye kiti wacha walimu wajibu.

MwalimuWaAwali

Nimeitwa, nimefika.

Nina watoto arobaini na mmoja, chumba kimoja, na nafasi kati ya madawati ambayo mtu mzima anapita kiubavu. Kwa hiyo nasoma nyuzi za aina hii kwa wivu kidogo. Lakini inawezekana, na wasiwasi wa BabaAsiyelala mimi naugeuza: mtoto aliyepewa ruhusa ya kuchuchumaa ukurasa wa tatu ndiye anayekaa kimya kuanzia wa nne hadi wa sita. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2019 linasema watoto wa mwaka mmoja hadi minne wapate angalau dakika 180 za kujongeza mwili kwa siku, na wenye miaka mitatu na minne, angalau dakika 60 kati ya hizo ziwe za kutoa jasho. Kitabu hakiwezi kuzitosheleza, lakini si adui wa hizo dakika.

Kitenzi cha kwanza kabisa ninachofundisha ni "ganda". Kabla ya kuruka, kabla ya kitu chochote. Wiki nzima tunacheza kuganda tu. Mwalimu asiye na "ganda" asijaribu "kimbia".

Sasa nina la kuongeza kwa mleta uzi, na naomba usinichukulie vibaya. Mchezo wako una tundu. Wewe unasema, mtoto anatenda. Mtoto anaweza kucheza hivyo miezi sita akaelewa kila kitu na asitamke kitenzi hata kimoja, kwa sababu hakuna anayemhitaji atamke. Hii njia ya kuagiza na kutii, James Asher aliieneza tangu miaka ya 1960 kwa wanaojifunza lugha ya pili, na nguvu yake kubwa ni kwenye kusikia na kuelewa. Tena mtoto anasikia umbo la amri tu: ruka, kaa, simama. "Anaruka" analisikia wapi?

Kwa hiyo nagawa darasa mara mbili. Nusu wanatenda ukurasa, nusu wanatazama na kusema: "Wananyata! Wanainama! Wamesimama!" Kisha tunabadilishana. Waliokaa hawajakaa bure, wao ndio wenye maneno.

Na siku za mwisho wa wiki nafungua kitabu, mtoto mmoja anashika usukani, ananiamuru mimi. Ninakosea makusudi. Akisema "Mwalimu, inama," nachuchumaa. Darasa linalipuka: "Hapana! Hiyo kuchuchumaa! Inama!" Hakuna swali nililowahi kuuliza lililowahi kunipa kelele za vitenzi kama hizo.

MamaWawili

Sijachukia hata kidogo, Mwalimu. Hilo la kukosea makusudi nimelijaribu jioni hii hii. Kitabu kinaonyesha mtu anapiga makofi, mimi nikapiga miayo. Akanishika mikono yote miwili akaigonganisha. Neno halikutoka, ila uso ulikuwa unasema mama huyu ana matatizo.

MpendaSarufi

Nimekuwa nikisoma kimya, ila mmefika kwenye uwanja wangu.

Kwanza ile dhana kwamba nomino hutangulia vitenzi. Dedre Gentner aliitetea mwaka 1982 akiona ni ya lugha zote, lakini mwaka 1996 Twila Tardif akaonyesha kwamba watoto wanaokua na Kichina cha Mandarin si lazima waanze na majina kwa wingi, vitenzi kwao vinajitokeza mapema sana. Kwa hiyo tusimhukumu mtoto kwa kipimo cha lugha ya jirani. Kwetu kitenzi kimoja ni sentensi nzima. "Umenimwagia" ni neno moja na kesi nzima imo ndani yake: nani kafanya, nani kafanyiwa, na kwamba imeshatokea.

Pili, kitabu cha picha kina kitu ambacho mazungumzo ya kawaida hayana: ukurasa unaogeuzwa. Kabla ya kugeuza, uliza "Ataanguka?" Ukigeuza: "Ameanguka!" Nyakati mbili ziko pande mbili za karatasi moja. Mwigize vivyo hivyo. Panda kwenye ncha za vidole, "nitaruka", ruka, "ninaruka", tua, ganda, "nimeruka". Msizirundike zote siku moja.

Tatu, na hapa ndipo ninaposikitika tunavyopoteza utajiri: kitenzi chetu kina watoto wake. Mpe mtoto mwanasesere. Yeye analala, kisha anamlaza mwanasesere. Anaamka, anamwamsha. Anasimama, anamsimamisha. Anaruka, anamrusha. Bila kumwambia lolote kuhusu sarufi, mikono yake inashika tofauti ya kutenda na kutendesha. Halafu kuna vile vitenzi vya kufunga na kufungua: kunja na kunjua, funika na funua, vaa na vua, chomeka na chomoa, bandika na bandua. Blanketi moja linatosha kwa nusu ya orodha hiyo.

KiatuKimoja

Mkuu, mtoto bado anavaa nepi, wewe unampeleka kwenye kauli ya kutendesha?

MpendaSarufi

Huyo huyo mwenye nepi anakwambia "nivalishe", "nibebe", "nifungulie". Hakusoma popote. Mimi nasema tu tuviweke vitenzi hivyo kwenye mchezo, kwa sababu masikio yake yako tayari.

Nikupe na ushahidi. Mwaka 1957 Roger Brown aliwaonyesha watoto wa miaka mitatu hadi mitano picha ya mikono ikikandakanda kitu ndani ya chombo, akatumia neno la kubuni lisilo na maana. Neno likivikwa umbo la kitenzi, watoto walichagua picha nyingine yenye tendo lile lile. Likivikwa umbo la jina la kitu, walichagua chombo. Picha haikubadilika, umbo la neno ndilo lililowaelekeza macho. Jaribu na wanao: onyesha mtu anafanya jambo la ajabu na kitambaa, sema "Anazumbaka!" Halafu sema "Na wewe zumbaka." Uone kama atakimbilia kitambaa au atafanya lile tendo.

KiatuKimoja

Nimeshindwa, nakubali. Kesho tunazumbaka.

BibiWaWanne

Wanangu, nimewasoma wote, mna elimu kubwa. Ila mbona mmesahau milio?

Mimi nikiwasomea wajukuu, mtu haanguki hivi hivi. Anaanguka pu! Jiwe linatumbukia majini chubwi! Samaki anaponyoka mkononi chopo! Kamba inafungwa ndi ndi ndi. Mtoto analala fofofo. Watu wananyamaza jii. Nikisema "chubwi" mdogo wao anajitupa kwenye mto wa kulalia kabla sijamaliza. Baadaye nikaona akianza "chubwi" peke yake, siku nyingine "kumbukia chubwi", sasa "ametumbukia". Mlio ulitangulia kama mtu anayeshika mlango, kitenzi kikapita.

MpendaSarufi

Bibi, shikamoo. Umewashinda wasomi. Mutsumi Imai, Sotaro Kita na wenzao walichapisha mwaka 2008 utafiti wa watoto wa miaka mitatu wa Kijapani waliofundishwa vitenzi vya kubuni vya namna mbalimbali za kutembea. Vitenzi vyenye sauti inayofanana na mwendo wenyewe, watoto waliweza kuvihamishia kwa mtu mwingine anayetembea vile vile. Visivyo na mfanano vikawatatiza. Na kwetu tanakali za sauti tumejaliwa, lakini tukifika kwenye vitabu tunaziona kama mapambo.

BibiWaWanne

Marahaba. Mie hao siwafahamu, ila waambie wameona vyema.

BabaNusuSaa

Naomba nilete upande wa hasara. Nilifuata uzi huu kwa moyo mmoja. Ukurasa ulikuwa na sungura anaruka kutoka juu ya jiwe. Nikasema "Anaruka! Na sisi turuke!" nikageuka kuweka miwani mezani. Nageuka tena, kijana yuko juu ya kiti, na kabla sijasema "shuka" alishakuwa sungura. Mdomo ulipasuka. Damu, kilio, mama yake akatokea mlangoni akaniuliza swali la kitenzi: "Mnafanya nini?"

Tangu siku hiyo sheria ya nyumba ni kwamba miguu yote inaanzia sakafuni. Jiwe tunaliigiza kwa kuweka karatasi chini. Na mlionitangulia mngetaja mapema kwamba kuna kurasa za kuuma, kupiga na kusukuma. Hizo mnazifanyaje?

MwalimuWaAwali

Pole sana, na mpe pole na yeye. Kusukuma tunasukuma ukuta. Unasukuma kwa nguvu zote, ukuta hausogei, watoto wanaona raha kuliko unavyofikiri. Kupiga ni mto au ngoma. Kuuma tunauma hewa. Kitenzi kinapatikana chote bila mwenzako kuumia. Kurasa za moto na visu naziruka tu, si lazima kila picha iigizwe.

MamaWaMagurudumu

Nimesita kuandika. Binti yangu ana miaka minne, anatumia kiti cha magurudumu, miguu yake haimtii. Kila nikisoma "ruka, kimbia, panda" najiuliza kama mchezo huu una nafasi yake. Mnasema mwili ndio unaofundisha kitenzi. Basi yeye atabaki bila "kimbia"?

MamaWawili

Dada, asante kwa kuandika, na samahani. Nilipoandika bandiko la kwanza nilikuwa naona miguu tu.

MwalimuWaAwali

MamaWaMagurudumu, nina mtoto kama wako darasani na yeye ndiye anayeshika usukani mara nyingi. Si kwa huruma, ni hodari kweli. Anaamuru, anatazama kwa makini, anakosoa. Anajua tofauti ya "kimbia" na "kimbilia" kuliko wanaokimbia. Kwa mikono yake anakimbiza wanasesere. Kiti chenyewe kina vitenzi vyake: sogea, geuka, rudi nyuma, zunguka, funga breki. Tulitafuta kitabu chenye mtoto kwenye kiti cha magurudumu tukakosa, tukachora wenyewe.

MpendaSarufi

Na kisayansi tusitie chumvi. Mwaka 2004 Olaf Hauk, Ingrid Johnsrude na Friedemann Pulvermüller waliangalia ubongo wa watu wazima wakisoma kimya maneno ya kulamba, kuokota na kupiga teke. Maneno ya ulimi, ya mkono na ya mguu yaliamsha maeneo ya ubongo yaliyo karibu na yale yanayoongoza viungo hivyo, au hayo hayo. Watu hupenda kuutaja kama ushahidi kwamba lazima uruke ili ujue "ruka". Haukusema hivyo. Umeonyesha neno na mwendo ni majirani kichwani. Kumtazama mwingine, kumwendesha mwanasesere, kuamuru, zote ni njia za kufika kwenye nyumba ile ile.

MamaWaMagurudumu

Asanteni. Jana nilimpa usukani. Kaka yake aliruka, akazunguka, akainama, akalala chini, akaomba apumzike. Jibu likawa, "Sijasema pumzika."

BabaAsiyelala

Hahaha huyo atakuwa jenerali.

Swali: kwa nini nisimwekee video ya watu wanaoruka na kukimbia? Video inaonyesha mwanzo hadi mwisho wa tendo, lile tatizo la picha kuganda halipo.

MpendaSarufi

Swali zuri, na ndivyo hata mimi nilivyodhani. Mwaka 2009 Sarah Roseberry na wenzake walilijaribu. Watoto wa chini ya miaka mitatu hawakujifunza kitenzi kutoka kwenye video peke yake. Alipokuwepo mtu hai akiwaonyesha pamoja na video, walijifunza. Waliopita miaka mitatu waliweza hata kwa video tupu. Kwa hiyo kinachokosekana kwa yule mdogo si mwendo kwenye kioo, ni mtu wa kucheza naye.

BabaAsiyelala

Kwa maneno mengine, niamke.

Mgeni_Mpya

Samahani kuingilia. Wangu ana miaka miwili na nusu. Tumecheza hivi kama wiki tatu. Nikisema chuchumaa anachuchumaa, nikisema ruka anaruka. Lakini hasemi kitu. Maneno yake yote hayafiki kumi. Niendelee tu?

MwalimuWaAwali

Kwanza jaribu hili. Kaa kwenye kiti, mikono mapajani, usiinue hata nyusi, na usimwonyeshe picha. Sema "chuchumaa" kwa sauti ya kawaida. Watoto wengi tunaodhani wameelewa neno huwa wanatuiga sisi, kwa sababu tukisema "ruka" tayari tumeshaanza kuruka. Akifanya bila msaada, anaelewa. Akikutazama tu akisubiri uanze, alikuwa anafuata mwili wako.

Na kwa vyovyote vile, usisubiri. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kinaweka kwamba watoto wengi wakifika miezi 30 wana maneno kama 50 na wanaunganisha mawili au zaidi, moja likiwa la kitendo. Maneno chini ya kumi kwa umri huo ni sababu ya kutosha kwenda kupima masikio na kuonana na mtaalamu wa lugha na usemi. Inawezekana akawa tu mtu wa kuchelewa. Lakini michezo ya kitabu haipimi masikio. Endeleeni kucheza, na muende.

Mgeni_Mpya

Nimejaribu. Alinitazama tu. Tumepanga kwenda wiki hii. Asante, mwalimu.

BibiWaWanne

Tunakuombea, mwanangu. Urudi utuambie.

KiatuKimoja

Taarifa ya utekelezaji: tumezumbaka. Nilizungusha kitambaa kichwani nikasema nazumbaka. Mtoto akachukua soksi akazungusha kichwani. Ushindi. Tatizo ni kwamba leo asubuhi amegoma kuvaa soksi, anazumbaka tu.

Nina swali la kweli lakini. Vitenzi visivyoonekana? Kitabu chetu kina ukurasa dubu anafikiri, mwingine amesahau kofia yake. Unaigizaje kusahau?

MamaWawili

Sisi "tafuta" na "ngoja" tunaziweza: naficha kitu, tunatafuta, na kwenye "ngoja" nashika ukurasa nusu bila kuugeuza hadi anatetemeka. Kufikiri na kusahau nimeshindwa. Akiona dubu kashika kidevu anasema "anashika".

MpendaSarufi

Na anapatia, dubu kweli anashika. Vitenzi vya ndani ya kichwa haviingii kwa macho. Hoja ya Gleitman tangu 1990 ni kwamba mtoto huvinasa kutokana na maneno yanayovizunguka. "Dubu anafikiri kwamba kofia iko chini ya kitanda." Hilo "kwamba" linabeba kazi ambayo mwili hauwezi. Kwa hiyo hapo kaa chini, mpakate, msimulie. Si kila ukurasa ni wa kuruka.

BabaAsiyelala

Hatimaye mtu ameniunga mkono.

MamaWawili

Narudi baada ya wiki saba hivi. Mengi nimebadilisha kwa maneno yenu. Milio ya Bibi iko kila ukurasa. Dada yake ndiye msemaji, yeye mtendaji, kisha wanabadilishana na kugombana. "Mpira" sasa ni "rusha mpira", "mpira umeingia", na juzi "dada kanyang'anya", ambayo sikumbuki kuifundisha.

Ule ukurasa wa mtoto aliye hewani bado haujapata hukumu. Mkubwa anasema anaruka, mdogo anasema anaanguka pu, na kila mmoja ana namna yake ya kuuthibitisha kwenye zulia.

Sasa jana nikiwa chumba cha pili nikasikia kraa! Kisha kimya kirefu. Kisha akaja na kitabu mkono mmoja na ukurasa mkono mwingine. Nikamuuliza, umefanya nini?

Akaniangalia machoni, akasema: "Kimechanika."

MpendaSarufi

Kauli ya kutendeka! Mtenda hayupo kabisa, kitabu kimejifanyia chenyewe. Na hakuna aliyemfundisha.

BabaNusuSaa

Na mdomo wa wangu ulipasuka wenyewe. Nitamwambia mama yake hivyo.